Damu ya Brathe Walipima, ya Dereva Wakasema ni Haki Yake

Wasee, leo hakuna vichekesho. Najua wengi wenu mlinifuata kwa sababu ya zile video za makanga na abiria wa chenji, na zitarudi wiki ijayo, lakini hii maneno imenikaa kifuani karibu miaka miwili. Ni ndefu. Kama uko kwa mathree na bando inakaribia kuisha, hifadhi usome ukifika keja.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili mtu asiseme nimemzungusha. Dereva akishikwa kwa kuendesha gari akiwa mlevi, atolewe damu ipimwe. Si akipenda, si loya wake akikubali, si mkubwa fulani akimaliza kupiga simu. Atolewe, na saa ianze kuhesabiwa dakika ile ameshikwa. Na dereva aliyegonga mtu akamuua au akamvunja, huyo hata kama hanuki chochote, apimwe tu.

Sasa nikwambie nilifikaje hapa, kwa sababu mimi sikuanzia upande huu.

2024 Alcoblow iliporudi barabarani, mimi ndiye nilikuwa nawaharibia makarao kazi. Mnakumbuka. Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa 3 usiku nilikuwa naweka stori: "Wako Kiambu Road, piteni ndani." "Thika Road iko safi." "Lang'ata msijaribu." Mlikuwa mnanitumia mahali walipo, mimi naweka. Wiki moja nilipata wafuasi wengi kuliko miezi mitatu ya vichekesho. Mwenye klabu moja akanitumia kreti mbili za bia kunishukuru. Nilijiona mtetezi wa wananchi: karao anatafuta kitu kidogo, mimi naokoa wasee. Na sikuwa nimekosea kabisa, kwa sababu kitu kidogo walikuwa wanatafuta kweli. Nitarudi hapo.

Brathe yangu alikuwa mtu wa nduthi. Steji yake ilikuwa Zimmerman. Alinilipia mihula mitatu ya kozi ya maabara ya kitabibu, noti za mia mia zinanuka petroli, anazihesabu mara mbili mbele yangu ndio nisije nikasema zilipungua. Wale huwa mnaniandikia "dropaut anatufundisha nini", sasa mnajua. Niliacha chuo kwa sababu mwenye kulipa alienda.

Alienda Jumamosi. Saa 5:20 usiku alikuwa ametoka kumshusha mteja Roysambu. Gari kubwa jeupe likatoka upande wa klabu, taa zimezimwa, likaingia ile barabara ndogo ya pembeni kinyumenyume na magari. Sitawaelezea zaidi. Wenzake wa steji walifika kabla ya polisi, na mnajua watu wa nduthi wakifika huwa inakuwa nini. Kiberiti kilikuwa kimeshatoka. Mzee mmoja wao ndiye aliwazuia. Akawaambia, "Msimguse. Mkimgusa, kesi inakuwa yetu." Kwa hivyo hakuguswa. Walimrekodi tu. Kwenye ile video dereva anajaribu kufungua mlango wa gari lake mwenyewe na mkono unapita hewani, mara tatu. Halafu anatapika kwenye viatu vyake. Video ninayo. Siiweki hapa kwa sababu kesi bado iko kortini, kwa hivyo msiniulize.

Mathe akabaki hospitalini, mimi nikakimbia kituoni. Sitataja kituo. Nilimkuta dereva ofisini, si seli, ameketi, chupa ya maji mkononi. Loya alikuwa ameshafika. Na jamaa mwingine wa suti ambaye kila mtu alikuwa anamwita mheshimiwa, mheshimiwa wa wapi mpaka leo sijui.

Nikamuuliza afande wa dawati, "Mkubwa, huyu mtampima saa ngapi?"

"Mashine iko na wale wa barabarani."

"Na damu?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza mbona mbingu ni ya buluu. "Kijana, tulia. Hatuwezi kumlazimisha mtu. Damu yake ni haki yake."

Brathe alifariki saa 10 alfajiri. Dereva alipelekwa kupimwa saa 3:40 asubuhi, ameshaosha uso, ameshakunywa chai. Karatasi ikasema hakuna pombe.

Sasa sikiza hii. Jumanne ilikuwa ni upasuaji wa maiti. Tuko nje kwenye benchi, mhudumu anatoka, anatuambia wamechukua damu ya marehemu ipimwe pombe. Mathe akauliza kwa nini. Akaambiwa ni kawaida, bima huwa inauliza kama mwenye pikipiki alikuwa amelewa. Majibu yakaja: hakuna kitu. Brathe alikuwa anakunywa Jumatatu pekee, siku yake ya kupumzika, chupa mbili na mpira. Mathe akauliza swali moja tu, na mpaka leo hakuna mtu amemjibu: "Mbona mfu hakuombwa ruhusa?"

Hapo ndipo ile kozi niliyoacha ilinisaidia, kwa sababu usiku huo nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Pombe ikishaingia kwenye damu, ini linaiondoa kwa mwendo wake, halisikizi kahawa, halisikizi maji baridi, halisikizi kuoga. Kwa watu wengi ni kama miligramu 15 kila saa kwa kila mililita 100 za damu. Wengine 10, wengine 20 na zaidi. Kiwango kilichoandikwa kwenye zile kanuni zetu za 2011 za kupima walevi ni miligramu 80. Sasa kutoka saa 5:20 usiku hadi saa 3:40 asubuhi ni zaidi ya saa kumi. Kumi mara 15 ni 150. Maanake mtu aliyekuwa na karibu mara mbili ya kiwango wakati anamgonga brathe, asubuhi ile angetoka sifuri. Msafi kama maji ya chupa. Hakuna haja ya kuhonga maabara. Unahonga saa tu. Unachelewesha.

Ndio maana nikisikia mtu anasema "kuna utaratibu, alipimwa", damu inanichemka. Kupima baada ya saa kumi si kupima. Ni kupeleka mlevi akaoshwe.

Turudi kwa Alcoblow sasa, kwa sababu najua mtu ameshaandika kwenye komenti: si tayari tunapuliza, damu ya nini?

Ile mashine ni nzuri kwa kazi moja, kuchuja watu haraka barabarani. Lakini angalia inafanya kazi wapi. Saa 7 usiku, kando ya barabara, giza, wewe na afande. Namba inatoka. Anayeiona ni yeye na wewe. Kati ya ile namba na kitabu cha OB kuna safari, na kwenye hiyo safari ndiko watu hushukia. Tusidanganyane, nusu ya nyinyi mnaosoma mnajua bei. Mnajua Jumamosi ni ngapi na mwisho wa mwezi ni ngapi. Msee wa Probox hana hiyo bei, analala ndani, Jumatatu anasimama mbele ya hakimu. Sheria ya Trafiki kifungu cha 44 inasema faini hadi shilingi 100,000 au miaka 2 jela, au vyote viwili. Msee wa Prado ameshafika kwake, analala kwa kitanda. Hiyo namba yake ilipotea na upepo.

Damu haipotei hivyo. Ikishatolewa, kuna nesi ameandika saa. Kuna kichupa kimefungwa na kuwekwa muhuri. Kuna mtu wa maabara ambaye hamjui dereva, hajui gari, anaona namba tu. Ili hongo ipite, inabidi ipitie watu wanne kwa majengo matatu tofauti badala ya mtu mmoja kwa giza. Sisemi haiwezekani, hii ni Kenya. Nasema imekuwa ghali.

Na hapa ndipo naachana na mabeshte zangu wengi wa kizazi chetu, kwa sababu najua hoja yao kubwa, na ni hoja ya maana. Wanasema: wewe msee, baada ya Juni 2024, baada ya tulichoona pale mjini na baada ya watu kuchukuliwa majumbani, unataka kumpa polisi sindano?

Hapana. Sikiza vizuri. Nataka kumnyang'anya.

Leo polisi ndiye anaamua kila kitu. Anaamua kukusimamisha, anaamua kama umepuliza vizuri, anaamua kama namba inaandikwa, anaamua kama unapelekwa hospitalini saa hii au kesho. Yule afande hakunikatalia damu kwa sababu anaheshimu Katiba. Alinikatalia kwa sababu uamuzi ulikuwa mkononi mwake, na mkono wake ulikuwa umeshashikwa na mtu mwingine. Ukiandika kwenye sheria kwamba lazima, na lazima ndani ya saa mbili, umemwondolea ile nafasi ya kuchagua. Hawezi kuuza kitu ambacho si chake. Kama humwamini karao, na mimi simwamini, basi wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kutaka ushahidi utoke kwake uende kwa nesi.

Sindano asiiguse. Hiyo iandikwe kwa herufi kubwa. Atoe damu mtu aliyesomea, hospitalini, hata kama ni kituo kidogo cha afya. Na ngozi isisafishwe kwa pamba ya spiriti, kwa sababu spiriti yenyewe ni pombe, na loya yeyote aliye macho ataichana kesi kwa hiyo tu. Itumike dawa nyingine ya kusafisha. Kichupa kiwe kile chenye kifuniko cha kijivu, kina sodiamu floraidi ndani inayozuia damu isichachuke ikikaa. Na vichupa viwe viwili. Kimoja kwa Mkemia wa Serikali, kimoja cha mshukiwa, ahifadhiwe, akitaka akipeleke kwa maabara yake mwenyewe akapinge. Hiki kichupa cha pili ndicho kinanifanya nilale vizuri na huu msimamo wangu. Alcoblow haina nakala. Pumzi ikishatoka imetoka.

Kuna jambo lingine watu hawafikirii. Damu inaokoa pia.

Anko wangu ni dereva wa teksi na ana kisukari. Mwaka mmoja sukari ilimshuka akiwa njiani, akaegesha gari upande upande, akaanza kuongea maneno hayaeleweki, jasho, macho yamelegea. Mtu yeyote angesema ni mlevi. Walisema. Alichapwa kofi mbili, akatupwa seli, na kama si mshukiwa mwenzake aliyekuwa na soda kwenye mfuko, tungekuwa tumemzika. Tone moja la damu kwenye kidole lingewaambia ukweli kwa dakika moja. Kwa hivyo mkiniambia damu ni ya kuonea watu, mimi namfikiria anko na ile soda.

Na tena kifungu cha 44 hakizungumzii pombe peke yake, kinasema pombe au dawa ya kulevya. Alcoblow inanusa pombe tu. Mtu amevuta bangi, amemeza vidonge vya kumweka macho safari ya Mombasa, anapuliza anatoka safi, anaambiwa "safari njema mkubwa". Kwenye pumzi hutaona kitu. Kwenye damu utaona.

Haya, Katiba. Najua wanasheria wa komenti wako tayari. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ana haki ya kukataa kutoa ushahidi wa kujitia hatiani. Kifungu cha 28, heshima ya mtu. Kifungu cha 31, faragha. Nimevisoma vyote, na nimeacha chuo, si kusoma. Lakini kuna tofauti ya kulazimishwa kusema na kulazimishwa kupimwa. Ukishikwa unachukuliwa alama za vidole, huombwi. Unapigwa picha, huombwi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaruhusu mahakama kuamuru mshtakiwa achukuliwe sampuli ya mwili. Hatujaona Katiba ikianguka. Damu haisemi umefanya nini wala ulikuwa na nani. Inasema miligramu ngapi.

Marekani waligombana juu ya hili zamani. Jamaa alipata ajali, akapelekwa hospitalini, polisi wakaagiza daktari amtoe damu ingawa alikuwa amekataa kwa ushauri wa loya wake. 1966 Mahakama Kuu kuliko zote kule ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba haki ya kutojitia hatiani inalinda maneno ya mtu, hailindi kiasi cha pombe kwenye mshipa wake. Watano kwa wanne, kwa hivyo nakubali si jambo jepesi. 2013 mahakama hiyo hiyo ikaongeza kwamba kama kuna nafasi ya kutafuta kibali cha hakimu, kitafutwe, pombe kuendelea kupungua mwilini si kisingizio cha moja kwa moja. Mimi hiyo sina shida nayo. Tangu 2020 kesi zetu zinasikizwa kwa simu na kompyuta. Kuwe na hakimu wa zamu usiku, apigiwe, akubali au akatae, iandikwe saa ngapi. Dakika kumi. Kama mheshimiwa wa suti aliweza kufikiwa kwa simu saa 6 usiku, hakimu atashindwaje?

Lakini kuna mtego hapa, na huu ndio nataka mshike kuliko yote, kwa sababu tulishaangukia ndani mara moja. Zile kanuni za Alcoblow za 2011 zilitungwa kama kanuni, hazikupitishwa kama sheria. Zikaweka viwango: mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, miligramu 80 kwa damu, 107 kwa mkojo. Hizi namba si zetu, ni za Uingereza, ile 80 wanaitumia tangu 1967. Sasa sheria yenyewe, kifungu cha 44, haikuwa na namba yoyote. Inasema mtu awe amelewa kiasi cha kushindwa kudhibiti gari. Watu wa biashara ya baa wakaenda kortini. Mahakama Kuu ikawakatalia 2014, wakakata rufaa, na Februari 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni haziwezi kugongana na sheria iliyozizaa. Ikawa hivyo. Miaka yote ya kupuliza, inaangushwa na sentensi ambayo Bunge lingeweza kuirekebisha kwa asubuhi moja.

Kwa hivyo mtu asituletee tena kanuni, wala tangazo la waziri mbele ya kamera baada ya ajali ya Krismasi. Iandikwe ndani ya Sheria ya Trafiki yenyewe. Kiwango kiandikwe. Saa mbili ziandikwe. Iandikwe kwamba ukikataa bila sababu ya kiafya, kukataa kwako ni kosa lenye adhabu ile ile, kama Uingereza wanavyofanya, ndio loya asikwambie "kaa kimya tu". Na iandikwe kwamba askari aliyekuwa zamu saa mbili zikaisha bila damu, aende aeleze kortini kwa jina lake. Hii ya mwisho wabunge wataiogopa sana. Ndio maana naitaka.

Na kiwango kisiwe 80. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 50, na 20 kwa madereva wachanga, yaani sisi. Najua hamtapenda. Hata mimi nilipoisoma nilikuna kichwa.

Afrika Kusini wana hii sheria ya saa mbili tayari: damu ikitolewa ndani ya saa mbili, inachukuliwa kwamba ndivyo ilivyokuwa wakati mtu anaendesha, na kiwango chao ni 50. Sifa zao zinaishia hapo, kwa sababu maabara zao zikajaa. Vichupa vinasubiri, kesi zinaondolewa, walevi wanaenda nyumbani. Hili ndilo jibu la haki zaidi nimepewa na watu wanaonipinga, na silikwepi. Ukipitisha sheria ya damu bila kuongeza watu na mashine kwa Mkemia wa Serikali, umejenga foleni tu. Mtu wa Lodwar au Garissa, kichupa chake kitafika Nairobi lini na kikiwa na hali gani? Sheria ije na bajeti yake au isije.

Ila ile ya "hatuna pesa" peke yake siikubali. Kila hospitali ndogo ya kaunti inatoa damu kila siku, ya malaria, ya wajawazito, ya taifodi. Kumtoa mtu damu ni kazi ya dakika tatu, nimeifanya darasani kwa wenzangu na mikono inatetemeka. Na pesa tunazotumia kwa upande ule mwingine mbona hatuzihesabu? NTSA wanahesabu zaidi ya watu 4,000 wanaokufa barabarani kila mwaka, 2024 walipita 4,700. Wengi ni watembea kwa miguu, halafu watu wa pikipiki. Usiniambie wote waliuawa na walevi, sisemi hivyo. Nasema dereva asiyepimwa haingii kwenye hesabu yoyote ya pombe. Yule wa brathe, kwa vitabu vya serikali, hakuwa amelewa. Ukisoma ripoti utaona ajali ya kawaida, pikipiki na gari, usiku.

Mtu ataniuliza: na hii si itaangukia tu dereva wa matatu na wa bodaboda, kama kawaida? Itaangukia, kama tutaacha mianya. Ndio maana nasema kila aliyeshikwa, bila mlango wa pembeni. Gari la GK apimwe. Msafara apimwe. Afande mwenyewe akigonga mtu akitoka baa, apimwe, na asipimwe na kituo chake. Leo maskini ndiye hana pa kukimbilia, analala ndani anapimwa akiwa bado moto. Tajiri ndiye ana saa kumi. Mimi naomba tu wote wapewe saa zile zile.

Halafu sisi. Kwa sababu ni rahisi kunirushia makofi hapa kwa komenti na Ijumaa uko Kamakis, nyama imeisha, chupa imeisha, na yule mwenye gari anasema "niko fiti, nimezoea hii barabara". Nimekaa kwenye hilo gari. Si mara moja. Nimekaa nyuma nikirekodi, spidi inasoma 140, tunaimba, na video hiyo ilipata watazamaji wengi ajabu kabla sijaifuta. Hakuna mtu alikufa usiku huo, kwa hivyo ikawa kichekesho. Dereva wa brathe pia alikuwa na watu ndani ya gari, walishuka wakapotea kwenye giza kabla wale wa nduthi hawajafika. Labda na wao walikuwa wanarekodi. Huwa nawafikiria hao kuliko hata dereva, kwa sababu hao ni mimi.

Kesi inatajwa tena mwezi ujao. Shtaka ni kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya, neno pombe halimo popote kwenye karatasi. Loya wao alishasema mteja wake alipofushwa na taa za lori. Mashahidi wa steji wamepoteza siku tatu za kazi tayari kwa kuahirishwa, na mmoja ameniambia kwa heshima tu kwamba hatarudi, ana watoto. Simlaumu. Mathe anakuja kila mara na ile karatasi ya maabara ya brathe kwenye bahasha ya kahawia, inayosema mwanawe hakuwa na pombe, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba aionyeshe.

Zile stori za Alcoblow zote nimezifuta. Ijumaa hii mtu asinitumie mahali walipo, na asiniulize kama Thika Road iko safi.